Usipa wa Gaudiosa

Wako watu wanaozaliwa na kipaji cha kuimba, na wako wanaozaliwa na mkono wa kupika. Gaudiosa wa Lipingo alizaliwa na kinyaa. Tangu akiwa msichana hakunywa maji katika kikombe ambacho hakukiosha mwenyewe, na ukimkaribisha kiti alikipangusa kwanza kwa pindo la khanga, huku akikutazama usoni kana kwamba vumbi lile ni wewe. Misibani alilia vizuri kuliko wafiwa, lakini sahani zikianza kupita, tumbo lilimuuma. Harusini tumbo lilelile. Watu wakamzoea. "Mama Rosina ana kinyaa," walisema, na wapishi wakaacha kumhesabu kwenye ugali.

Kinyaa hicho ndicho kilichomlisha. Kando ya ziwa wanawake wengi walianika usipa, wale dagaa wadogo wa ziwa letu, juu ya mchanga, kuku akapita juu yake, mbuzi akapita juu yake, na mtoto akaja kumalizia haja yake palepale. Gaudiosa alipoona hayo alitema mate, akaenda kukata miti, akasimamisha vichanja na kuvitandika nyavu kuukuu. Aliuosha usipa wake kwa maji aliyoyafuata mpaka yamfike kiunoni, si yale ya ukingoni ambako watu wanasugua vyungu na makalio. Akauanika, akaupindua kwa mkono, akatoa kila jani na kila bawa la nzi. Ukiutafuna, meno yako hayakukutana na punje ya mchanga.

Basi jina likapanda milima. Mbinga mjini, huko juu kwenye kahawa, hata Litumbandyosi, mwanamke akisimama mbele ya fungu la usipa aliuliza kwanza, "Huu ni wa Gaudiosa?" Hakuwa na bango wala kibandiko, alikuwa na hilo jina tu. Mume alikwisha kufa, shamba la muhogo lilikuwa dogo, na nyumba ilikuwa nyumba kama za wengine. Jina ndilo lililomfanya atembee kijijini shingo ikiwa imenyooka. "Chema chajiuza," alipenda kusema, akimkazia macho jirani yake Kunigunda, ambaye usipa wake ulikuwa na mchanga wa kutosha kujengea choo.

Mambo yalianza kuharibika siku Rosina aliporudi nyumbani.

Rosina ni binti yake wa pekee. Alikuwa Mbinga akisaidia kwenye saluni, saluni ikafungwa, naye akashuka ziwani na sanduku la plastiki mkononi. Mama yake alidhani ni dawa. Lilipofunguliwa akaona vichupa vya rangi za kucha vimejipanga, tupa ndogo, vijiti, vimkasi, pamba, chupa ya asetoni, na vipakiti vya unga unaometameta wa kila rangi: fedha, buluu, zambarau, waridi. Rosina aliuita unga huo glita. Mama yake akauita takataka.

Lakini haki ya mtu mpe. Rosina alikuwa na mkono. Alianza kibarazani, mteja ametumbukiza vidole kwenye beseni la maji ya uvuguvugu na sabuni. Vikishalainika alisukuma ngozi nyuma kwa kijiti, akaipunguza kwa kimkasi, akapiga tupa mpaka kucha ikawa na umbo la yai. Akapaka rangi ya chini, nyembamba, akangoja ikauke. Akapaka rangi yenyewe, na ikiwa bado mbichi akachota glita kwa ncha ya brashi na kuibonyeza taratibu, nyingi kwenye ncha ya kucha, chache kuelekea kwenye nyama, mpaka kidole kikaonekana kama kimechovywa kwenye mwanga. Mwisho alifunika kwa rangi ya kioo. Kwa kijiti cha meno alichora punje nyekundu za kahawa kwenye kucha ya kidole cha pete, au magamba ya samaki, moja juu ya moja, na wasichana waliokuja kutoka Mbaha walipiga vigelegele kwa vidole vyao wenyewe.

Gaudiosa hakuyaona magamba wala kahawa. Yeye aliona beseni. Aliyaona maji yakigeuka rangi ya chai, na vipande vya ngozi vikielea juu yake. Aliona kilichotoka chini ya kucha kijiti kilipopita: muhogo wa juzi, masizi, utumbo wa samaki, na vingine ambavyo sivitaji kwa kuwa huenda unakula. Juu ya hayo yote aliuona ule unga mweupe wa tupa ukipanda hewani na kutua kwenye mkeka, kwenye kizingiti, kwenye mtungi wa maji. Akaufunika mtungi kwa pindo la khanga.

"Rosina, hilo si vumbi," alisema. "Hao ni watu."

"Mama, ni kucha tu."

"Kucha ni mwili. Unamsaga Kunigunda mlangoni kwangu, nami nimvute puani!"

Kunigunda mwenyewe alikuwa ameketi hapohapo, mkono mmoja kwenye beseni, anacheka. Alipakwa zambarau yenye glita, vidole vyote kumi, na kesho yake Gaudiosa alimwona kwa vidole vilevile akipasua samaki, damu na zambarau vimekumbatiana, kisha akalamba kidole kuonja chumvi ya mchuzi. Siku ile Gaudiosa hakula. Alipolala alikiona kidole kile.

Asubuhi alitoa amri. Meza ya Rosina iondoke kibarazani, iondoke karibu na jiko na mtungi, ipelekwe nyuma ya nyumba. "Peleka uchafu wako huko nisiuone," alisema. Rosina akabeba meza, sanduku, beseni na mkeka, akahamia nyuma.

Ninyi msiolijua ziwa letu hamwezi kuliona kosa. Nyumba ya Gaudiosa imeligeuzia ziwa mgongo, na huko nyuma ndiko viliko vichanja vyake. Tena meza ilikaa upande wa kusini, unakotokea upepo wa mwera. Mwanamke aliyeanika usipa maisha yake yote, anayejua upepo ukibadilika kwa kunusa tu, siku ile hakuufikiria upepo. Kinyaa kilimziba akili. Alitaka jambo moja tu, asione.

Mwera ukaja mchana. Rosina alikuwa amemimina pakiti za fedha na buluu kwenye kisosi, anachanganya rangi kwa ajili ya wasindikizaji wa bibi harusi, na kwenye vichanja usipa wa asubuhi ulikuwa bado na unyevu. Upepo ulipiga mara moja. Kisosi kilipinduka, unga ukapanda kama moshi wa kuni mbichi, ukapita juu ya kichwa cha Rosina na kutua. Ulichagua pa kutua, utadhani umetumwa.

Gaudiosa alirudi kutoka majini, ndoo kichwani, akaona vichanja vyake vinang'aa. Kwanza akadhani ni jua. Akasogea. Akashika samaki mmoja. Glita ilikuwa imekaa kwenye jicho lake, kwenye mashavu, kwenye tumbo lile laini ambalo yeye huliosha kwa kidole gumba. Akamshika mwingine, na mwingine. Akauosha kidogo, ikaenea. Akaupepeta kwenye ungo, usipa ukavunjika vichwa na glita ikabaki. Alitazama viganja vyake, navyo vilikuwa vinametameta, akavisugua kwa mchanga mpaka vikawasha.

"Lete jembe," alimwambia Rosina, ambaye alikuwa analia. "Tunaufukia wote. Tunaufukia kwenye muhogo, na usimwambie mtu."

Jembe lilikuwa linakuja pikapu ya Adrian ilipoegeshwa. Adrian ni mchuuzi wa kutoka Mbinga, mtu mwenye sauti kubwa, ndiye aliyepandisha usipa wa Gaudiosa milimani tangu mwanzo. Alizunguka nyumba bila kubisha hodi, kama kawaida yake, akasimama, akashika kiuno.

"Shikamoo, Mama Rosina! Loo! Leo umeuanikia mbinguni?"

"Marahaba. Huo si wa kuuza."

"Umeshamwahidi nani?"

"Sijamwahidi mtu. Una uchafu."

Adrian akacheka mpaka akaegemea kichanja. "Mama, kwako wewe kuna kisicho na uchafu? Mara ile ulininyima gunia zima kwa sababu ya nzi mmoja. Usipa fresh kama huu, unang'aa kama umetoka majini sasa hivi, unauita uchafu!" Akachukua mmoja, akautia mdomoni mzimamzima, akautafuna. "Mtamu," akasema. Punje ya buluu ilibaki kwenye jino lake la mbele, na kila aliponena iliwaka.

Kisha Adrian akasema neno moja zaidi. Alisema kama hapa hapati, atapakia wa Kunigunda, maana watu wa juu wanamngoja, na wao wakiona gari lake wanajua limebeba wa Gaudiosa tu.

Neno hilo lilimpata pabaya. Usipa wa Kunigunda, na mchanga wake na kuku wake, utafunwe Mbinga kwa jina lake yeye! Alifungua mdomo aeleze uchafu wenyewe ni upi. Rosina alikuwa amesimama na jembe, anamtazama. Ilikuwa sentensi fupi tu: hiyo ni rangi ya kucha. Haikutoka. Alichukua magunia, akayajaza, akayafunga kwa kamba kwa mikono yake mwenyewe. Pikapu ilipoondoka alikwenda nyuma ya migomba na kutapika mpaka ikatoka nyongo.

Alijiambia yamepita. Watu wameshakula, wameshakunya, basi. Aliirudisha meza ya Rosina kibarazani na kuvumilia beseni. Lakini Adrian aliporudi alishuka garini akiwa na furaha ya mtu aliyevumbua jambo. Wamegombania, alisema. Akina mama wamevutana khanga sokoni. Wanasema hawajawahi kuona usipa wenye nuru namna ile.

Gaudiosa akamwonyesha vichanja. Usipa safi, uliooshwa kwa maji ya kiunoni, umekauka vizuri, rangi ya kijivu ya kawaida, kama Mungu alivyouumba.

Adrian aliupitishia mkono. "Huu umechoka, mama."

"Umechoka wapi? Umeanuliwa leo!"

"Hauna nuru. Nataka ule wa siku ile."

"Ule sina, na sitakuwa nao tena."

Alichukua gunia moja kwa heshima ya zamani, akaondoka na uso wa mtu aliyenyimwa.

Sasa, siri ya kibarazani haikai kibarazani. Mtu akikupa mikono yake yote miwili na hana la kufanya ila kungoja rangi ikauke, mtazungumza nini? Rosina alimsimulia Kunigunda kisosi na upepo kama kichekesho. Kunigunda alicheka, akanyamaza, akafikiri. Kabla kucha zake hazijakauka sawasawa aliomba auziwe pakiti ya fedha, akasema ni ya mpwa wake.

Jumamosi vichanja vya Kunigunda viling'aa. Ndiyo, vichanja, yule mama wa mchanga alikuwa amejenga vichanja! Adrian akapakia vyote. Wiki iliyofuata ikang'aa nyumba ya pili, kisha ya tatu. Rosina aliposhtuka na kuzificha pakiti zake, watu walikuwa wameshajua duka la Mbamba Bay linalouza. Wengine walinyunyiza kwa vidole, kama chumvi. Wengine walichanganya na maji wakapiga kwa brashi ya kupakia chokaa. Ukipita asubuhi ufukwe mzima ulikuwa unawaka, na nzi, ambao ndio wenye akili peke yao katika habari hii, walikuwa wamepungua.

Gaudiosa alivuka kwa Kunigunda bila hata salamu. "Dada, unawalisha watu rangi ya kucha!"

Kunigunda hakuinua kichwa. Alikuwa anapindua usipa kwa vidole vya zambarau iliyobanduka nusu, chini ya kila kucha pamekaa utepe mweusi. "Mimi?" akasema. "Mimi nimejifunza kwa jirani. Gunia la kwanza lilifungwa na nani?"

Gaudiosa alirudi kwake, akachukua sabuni, akanawa mikono, akanawa tena. Harufu haikuwepo, lakini yeye aliisikia. Zamani alichukia uchafu wa wenzake, na katika chuki hiyo kulikuwa na raha fulani, tusidanganyane. Sasa alipoishika ndoo aliuona mkono wake na kuuonea kinyaa, na mkono huo huwezi kuuacha msibani kama sahani ukaenda zako. Usipa wake ulikaa ndani ya magunia, safi, bila mnunuzi. La kuvunda halina ubani, alijisemea, lakini hakuwa na uhakika tena ni kipi kilichovunda.

Mwaliko ulipokuja kutoka Mbinga aliupokea kama dawa. Scholastica, binti wa marehemu dada yake, alikuwa na sherehe: mtoto wake Vitalia anapokea Komunyo ya Kwanza. Mtu wa ziwani hapandi milimani mikono mitupu. Gaudiosa alichambua usipa wake mmoja mmoja, akaufunga kwenye kitambaa cheupe, akaenda huku akiwaza kwamba angalau nyumba moja huko juu itakumbuka ladha ya kitu safi.

Misa ilikuwa nzuri. Vitalia alivaa gauni jeupe na soksi nyeupe, akapokea bila kutafuna, kama alivyofundishwa. Nyumbani wageni walijaa uani, chini ya turubai, majirani wakulima wa kahawa na ndugu wa mume. Sinia zikaletwa. Kwa mara ya kwanza katika maisha yake Gaudiosa alikuwa ameamua kula kwa watu. Alinawa, akaketi karibu na mtoto, akatuliza tumbo lake.

Scholastica mwenyewe alileta bakuli la katikati, analibeba kwa mikono miwili. Ndani yake, kwenye nyanya na vitunguu, usipa ulimetameta kwa fedha na buluu, na mafuta yaliyozunguka nayo yalimetameta.

"Mama mdogo, leo tumekuheshimu," Scholastica alisema kwa sauti ili wageni wote wasikie. "Huu ni wako, ule halisi. Sokoni hapa wanauita usipa wa Gaudiosa, na ukichelewa huupati. Nikawaambia, huyo Gaudiosa ni mama yangu!"

Wageni wakapiga makofi.

"Na niliokuletea?" Gaudiosa aliuliza. Sauti yake ilikuwa ndogo.

"Ule? Ule uko jikoni, ahsante sana. Nilijua ni wa majirani zako, umefubaa kidogo. Tutaupikia siku za kawaida."

Pembeni yake Vitalia alikuwa ameshamega tonge. Vidole vya mtoto viling'aa, na kwenye mdomo uleule uliotoka altareni palikuwa na punje ya fedha. Gaudiosa alinyoosha mkono akamnyang'anya sahani.

"Usile!" Akasimama. "Msile, jamani, wote. Hii ni glita. Ni unga wanaopaka kwenye kucha. Uliangukia usipa wangu, nami nikanyamaza, nikaufunga kwa mikono hii nikauuza. Sasa ufukwe mzima wanaunyunyiza makusudi. Hawa siyo samaki, ni rangi ya kucha. Naomba msile."

Matonge yalisimama njiani. Alijua ameliua jina lake, na kwa mara ya kwanza tangu siku ya upepo tumbo lake lilitulia.

Kisha Leopold, mume wa Scholastica, akacheka. Alicheka kwa adabu, amefunika mdomo. Mwanamke mmoja akacheka. Kicheko kikazunguka uani.

"Mama mdogo jamani," Scholastica alisema, anapangusa machozi. "Kwenye harusi yangu ulisema nyama ina nywele."

"Ilikuwa na nywele!"

"Kwenye msiba wa mama ulisema maji yananuka. Kwenye ubatizo wa huyuhuyu Vitalia ulikula ndizi uliyokuja nayo mfukoni. Tukasema sawa, ndivyo alivyo. Leo usipa wako mwenyewe nao unauonea kinyaa?"

"Scholastica, nisikilize. Ninasema kweli."

"Najua, mama. Siku zote unasema kweli." Aliitoa sahani mikononi mwa Gaudiosa taratibu, kama mtu anavyomwondolea mtoto kisu, akairudisha kwenye mkeka. "Kula, Vitalia. Bibi yako haumwi, ana kinyaa tu."

Wageni walirudi kwenye sinia. Mtoto akamtazama bibi yake, akatazama bakuli, akachagua usipa uliong'aa kuliko yote na kuutia mdomoni.